Povu au vinyunyizio vya maji kwa nyumba ya wageni ya tabaka tatu, Lamu?

Mwana wa Mkomani ameuliza:

Assalaam aleikum. Familia yetu ina nyumba ya kale katika mtaa wa Mkomani, hapa Lamu, ya tabaka tatu, ambayo kwa miaka kadhaa sasa tumekuwa tukiipangisha wageni. Kuta zake ni za matumbawe na chokaa, sakafu za juu zimelazwa juu ya boriti, na juu kabisa, darini, pana banda la makuti ambamo wageni hupata kifungua kinywa. Vyumba vya kulala ni tisa. Chini, upande wa nyuma, kuna chumba cha mita 8 kwa 3 ambacho ami yangu hukitumia kuwa stoo ya mashua zake: madumu ya petroli na dizeli ya mashine za boti, makopo ya vanishi na rangi, nyavu na kamba. Jiko liko uani.

Kampuni ya bima imetutaka tuweke mfumo wa kuzima moto unaofanya kazi wenyewe kabla ya kuhuisha mkataba wetu. Tumekwishaletewa makadirio mawili. Mkandarasi wa kwanza anataka nyumba nzima iwekewe mfumo wa povu, kwa hoja kwamba povu huzima kila kitu ilhali maji hayazimi mafuta. Wa pili anataka vinyunyizio vya maji kila mahali, stoo ikiwemo, na anasema povu ni la viwanja vya ndege na bohari za mafuta. Kila mmoja anazungumza kama mtu asiye na shaka hata chembe, na bei ya yule wa kwanza inakaribia kuwa maradufu ya mwenzake.

Nyote mnavijua vichochoro vyetu. Punda wawili wenye mizigo wakikutana, mmoja sharti arudi nyuma, sembuse gari la zimamoto. Kwa hiyo mfumo tutakaouchagua ndio utakaotutetea katika dakika zile za kwanza. Naomba ushauri wa wenye ujuzi: tuchague upi? Na jambo la pili, ami anahofia kwamba mgeni mmoja akiwasha sigara chumbani, dari zote zitafunguka na kulowesha milango ya nakshi na zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, zilizokarabatiwa kwa gharama kubwa. Je, hofu yake ina msingi?

Fundi wa Mabomba, Malindi amejibu:

Wa aleikum salaam, ndugu yangu. Nimefunga mabomba ya kuzimia moto katika hoteli na maghala ya Malindi na Watamu kwa zaidi ya miaka kumi na tano, na swali hili huletwa kwangu mara nyingi likiwa limepinduliwa, mithili ya mtu anayeuliza kati ya jembe na shoka lipi lina nguvu kabla hajasema kama anakwenda kulima au kukata mti. Tuanze na kinachoweza kuungua.

Katika vyumba vya kulala vinavyoweza kuungua ni magodoro, vyandarua, mapazia, vitanda vya mbao na nguo za wageni, yaani vitu vikavu vinavyoacha makaa. Moto wa aina hiyo hufa kwa kupoozwa, na maji hayana mpinzani katika kazi hiyo: yanapogeuka kuwa mvuke hunyonya joto jingi mno, na mvuke wenyewe hutanuka kufikia takriban mara 1,700 ya ujazo wa maji yaliyouzaa, ukaisukuma hewa mbali na ndimi za moto. Povu nalo lingeuzima moto huo, kwa sababu sehemu kubwa kabisa ya povu ni maji. Dawa ya povu yenye alama ya asilimia 3 huchanganywa sehemu 3 kwa sehemu 97 za maji. Ungekuwa umelipia dawa, tangi lake na kifaa cha kuichanganya, kisha kazi ikafanywa na maji yale yale.

Stoo ya ami ni habari nyingine. Petroli ni nyepesi kuliko maji na haichanganyiki nayo, kwa hiyo ukiimwagia maji inapanda juu na kuendelea kuwaka, na maji yakitiririka huibeba hadi mahali ambapo moto haukuwapo. Povu hutanda juu ya mafuta kama shuka zito, likazuia mvuke wa petroli kukutana na hewa na wakati huo huo likapooza uso wake. Kwa hiyo mkandarasi wa kwanza amepatia kuhusu chumba kimoja na kukosea kuhusu vilivyobaki, na yule wa pili amefanya kinyume chake.

Sasa hofu ya ami. Sinema zimetuharibia kazi katika jambo hili. Kila kinyunyizio, au springla kama mafundi wanavyokiita, kina kichupa kidogo cha kioo chenye kimiminika ndani, chembamba kuliko kalamu ya risasi. Joto likifika kiwango chake kimiminika hutanuka, kichupa hupasuka, na kinyunyizio hicho peke yake ndicho kinachomwaga maji. Cha chumba cha jirani hakina habari. Rangi ya kimiminika hukuambia kiwango: machungwa ni nyuzi 57, nyekundu 68, njano 79, kijani 93, buluu 141. Moshi wa sigara hauna joto la kupasua hata kile cha machungwa. Kanuni tunayoifuata ni kuchagua kichupa kinachozidi joto la juu kabisa la kawaida la mahali hapo kwa nyuzi zisizopungua 30, kwa hiyo vyumba vyako, hata katika joto la mwezi wa Machi, vitatosheka na vyekundu. Chini ya mabati yanayopigwa na jua na karibu na jiko twende kwenye kijani.

Kuna jambo moja ambalo wazee waliojenga nyumba hizo wametusaidia bila kujua. Urefu wa boriti haufiki mita 3 mara nyingi, na ndiyo maana vyumba vya Lamu ni vyembamba na virefu. Chumba cha upana wa mita 2.8 na urefu wa mita 7 kinahitaji vinyunyizio viwili tu, na vinaweza kuwa vile vya ukutani vinavyorusha maji kwa mbele, bila kugusa boriti hata moja.

Ushauri wangu kwa hiyo ni vinyunyizio vya maji nyumba nzima, na katika stoo peke yake vinyunyizio vinavyotoa maji yenye povu. Kiwango kinachotumika sana kwa mafuta kama ya ami ni lita 6.5 kwa dakika kwa kila mita ya mraba, na povu litoke kwa dakika 10. Stoo yako ni mita za mraba 24, kwa hiyo ni lita 156 kwa dakika, lita 1,560 kwa dakika hizo 10, na asilimia 3 ya hizo haifiki lita 47 za dawa. Linganisha na makadirio ya kuijaza povu nyumba nzima.

Mama wa Shela amejibu:

Nimemsoma fundi na hesabu zake sizipingi. Ninapinga kitu kimoja, nacho ni kwamba nyote wawili mmelikubali hilo dumu la petroli kama kwamba limezaliwa humo ndani.

Mwanangu, mimi nimesimamia nyumba ya wageni kwa muda mrefu na nimeuona moto wa petroli kwa macho yangu, katika kichochoro kisichofika hatua mbili kwa upana. Kijana wa jirani alikuwa akimimina petroli kutoka dumu kubwa kwenda dogo, ndani, penye kivuli, na mwenzake alikuwa ameteleka buli la kahawa juu ya jiko la mkaa katika chumba cha pili, nyuma ya pazia. Hakuna aliyewasha kiberiti. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni kama maji, ukapita chini ya pazia na kulifuata jiko. Kijana akafanya ambalo kila mmoja wetu angelifanya: akachukua ndoo ya maji. Mafuta yakaelea, yakavuka kizingiti yakiwaka na kushuka na mtaro wa kichochoro, yakaunguza shogi la punda aliyekuwa amefungwa nje. Punda alikata kamba akapona. Kijana alilala hospitali majuma mawili.

Petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, ambayo hapa kwetu hatutaiona kamwe. Dizeli haifanyi hivyo mpaka ipashwe kupita nyuzi 50 na kitu. Kwa hiyo katika joto la Lamu dumu la dizeli ni mzigo unaoweza kuvumilika, na dumu la petroli chini ya vyumba tisa vyenye watu waliolala ni jambo lisilofaa hata likifunikwa kwa povu la dunia nzima. Litoeni humo. Likishatoka, swali la povu ndani ya nyumba litakuwa limejijibu, na fedha mtakazookoa zitatosha kujenga kibanda ufukweni.

Na vanishi nayo itoke, pamoja na matambara ya kupakia. Matambara yaliyolowa mafuta ya kitani yakikunjwa na kutupwa pembeni hujipasha moto yenyewe mpaka yakawaka, bila mtu kuwapo.

Mwana wa Mkomani:

Shikamoo mama, na ahsante fundi. Nimemsomea ami maneno ya mama wa Shela baada ya sala ya alasiri. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema kwamba kuna kiwanja chetu kidogo karibu na maji, nje ya safu ya nyumba, na kwamba alikuwa akiwaza kukijenga hata hivyo. Nadhani hilo ni kubali la mtu mzima.

Tuseme basi stoo itabaki na nyavu, kamba na dizeli kidogo ya jenereta. Linalonisumbua sasa ni maji. Maji ya bomba hayaji kila siku. Kisima cha nyumba kina maji ya chumvichumvi. Mkandarasi wa pili amependekeza tangi la plastiki la lita 10,000 darini, kando ya banda la makuti, ili maji yashuke kwa uzito wake bila pampu. Je, hilo linatosha?

Fundi wa Mabomba, Malindi:

Kuhusu petroli, mama amenishinda na ninakubali. Nilijibu nilichoulizwa, naye akajibu kilichopaswa kuulizwa.

Kuhusu tangi la darini, tafadhali msikubali, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni uzito. Lita 10,000 ni tani 10, na unataka kuzitua juu ya boriti zilizokatwa mikokoni pengine kabla babu yako hajazaliwa. Hata kabla ya moto nyumba hiyo itakuwa hatarini. Ya pili ni presha. Kila mita 10 za kimo cha maji huleta presha ya takriban baa 1. Vinyunyizio vya tabaka la juu vitakuwa mita 2 au 3 chini ya tangi, yaani vitapata baa 0.2 au 0.3. Kinyunyizio cha kawaida tunachokiita K80 hutoa lita 80 kwa dakika kwenye baa 1, na lita 57 kwenye baa 0.5. Kwenye baa 0.2 kitatoa kama lita 36, na maji hayatatawanyika, yatadondoka kama bomba la kuogea lililoziba. Chumba cha chini kitalindwa vizuri, cha juu hakitalindwa, na moto hauchagui.

Kwa hiyo tangi likae chini, uani au chini ya ardhi kama birika la kale, na pampu iwepo. Pampu iwe ya dizeli inayojiwasha yenyewe presha ikishuka, au iwe ya umeme yenye chanzo cha pili cha uhakika, kwa kuwa moto wa nyumba unaweza kuanza kwenye nyaya na kuzima umeme wa nyumba kabla ya jambo lingine lolote.

Ukubwa wa tangi unategemea kitabu utakachokifuata, na hapa ndipo makandarasi wanapowachanganya wateja. Kiwango cha Ulaya, EN 12845, huziweka hoteli katika kundi ambalo hesabu yake ni milimita 5 za maji kwa dakika, yaani lita 5 kwa kila mita ya mraba, juu ya eneo la mita za mraba 72 kwa muda wa dakika 60. Zidisha: lita 360 kwa dakika, lita 21,600 kwa jumla. Kiwango cha Marekani cha majengo ya makazi yasiyozidi tabaka nne, NFPA 13R, huhesabu vinyunyizio vinne vikifunguka pamoja kwa dakika 30. Vikitoa kama lita 50 kila kimoja, unahitaji lita 6,000. Kile cha kwanza kinakusudia kuliokoa jengo, cha pili kinakusudia hasa watu wapate nafasi ya kutoka wakiwa hai. Vyote ni halali mahali pake, lakini ukimwuliza mkandarasi "tangi la ukubwa gani" bila kumwuliza "kwa kiwango kipi", atakupa namba inayomfaa yeye. Iulize kampuni ya bima kwa maandishi inakubali kipi, kisha ndipo mchore.

Kwa nyumba yako, mahali ambapo hakuna gari la zimamoto litakaloleta maji ya ziada, mimi ningeegemea upande wa tangi kubwa. Huo ni mwelekeo wangu tu, na najua uani si uwanja wa mpira.

Maji ya kisima chenye chumvi yasiingie mabombani. Bomba la chuma lililojaa maji ya chumvi huoza kutoka ndani, kutu hubanduka vipande vipande, na kipande kimoja chenye ukubwa wa ukucha kinatosha kuziba kinyunyizio siku ya haja. Jaza tangi kwa maji yasiyo na chumvi, ya bomba au ya mvua, mara moja. Maji hayo hayatumiki kila siku, kwa hiyo hata yakija kwa wiki mara moja tangi litajaa. Ndani ya vyumba unaweza kutumia mabomba ya plastiki ngumu yaliyothibitishwa mahususi kwa vinyunyizio, ambayo chumvi ya hewa ya bahari haiyali. Nasema yaliyothibitishwa, si yale ya dukani ya maji ya kuoga. Wala yasipite juani darini, jua huyakausha yakawa kama ganda la yai.

Mkaguzi Mstaafu amejibu:

Nimekagua majengo kwa usalama wa moto kwa muda mrefu na sasa ninaishi Malindi kwa utulivu. Niongeze matatu ambayo sijayaona hapo juu.

La kwanza ni la kihistoria, na linawajibu makandarasi wote wawili. Henry Parmelee wa New Haven, Marekani, alipata hataza ya kinyunyizio chake mwaka 1874, na alikitengeneza ili kulinda kiwanda chake cha piano, yaani jengo lililojaa mbao. Povu lilibuniwa na Aleksandr Loran, mwalimu aliyekuwa Baku, mji wa visima vya mafuta, mwanzoni mwa karne ya 20. Kila kimoja kilizaliwa penye adui wake, na tangu wakati huo tabia zao hazijabadilika sana.

La pili ni dawa ya povu yenyewe. Povu lililotawala soko kwa miongo mingi lina kemikali za florini zinazolifanya litande upesi juu ya mafuta. Kemikali hizo haziozi. Zikiingia ardhini hukaa, na zikifika kwenye maji husafiri nayo. Mbili kati yake, PFOS na PFOA, zimo katika Mkataba wa Stockholm wa vichafuzi visivyooza, ya kwanza tangu mwaka 2009 na ya pili tangu 2019. Sasa fikirini Lamu, ambako msikiti una kisima, nyumba ina kisima, na maji ya mji yanategemea mchanga wa Shela unaochuja mvua. Mfumo wa povu haumwagwi siku ya moto tu. Unatakiwa kujaribiwa, na majaribio yale yanakwenda wapi katika uwanda wa mita tano kwa tano? Kwenye kisima. Kuna povu lisilo na florini, na kwa yeyote anayelazimika kutumia povu leo ndilo la kutafuta, lakini halichukui nafasi ya lile la zamani kwa kumimina tu katika tangi lile lile: unene wake ni tofauti, kichanganyio hakilipimi sawasawa, na mara nyingi linahitaji kiasi kikubwa zaidi kwa mita. Kwa kibanda cha ufukweni cha ami, mitungi miwili ya povu ya lita 9 isiyo na florini, kuta zilizo wazi zinazopitisha upepo, na kizingiti cha saruji kinachozuia mafuta yaliyomwagika yasitoke, ni ulinzi wa kutosha kuliko mfumo wowote wa kudumu. Dumu lijazwe nje, si ndani ya kibanda.

La tatu ni makuti, na hapa nitasema kwa urefu kwa kuwa hakuna aliyeligusa, nami nimeona paa za makuti nyingi za pwani hii zikibaki nguzo nyeusi. Makuti yametengenezwa kumwaga maji. Kinyunyizio kilicho chini yake hulowesha meza na viti, na moto unapita juu yake, kati ya tabaka na tabaka, mahali ambapo tone halifiki. Zaidi ya hapo, mara nyingi moto hauanzi ndani: ni cheche kutoka kwa jirani, ikibebwa na kaskazi. Kinachosaidia ni bomba lenye matundu lililolazwa juu ya mgongo wa paa, linalofunguliwa kwa mkono na kulowesha makuti kutoka nje moto wa jirani ukiwa bado haujafika. Hilo hunywa maji mengi, na maji yake yahesabiwe mbali na yale ya vinyunyizio, la sivyo mtamaliza tangi mkinyunyizia paa huku chumba kikiungua. Kuna dawa za kupaka makuti zinazochelewesha moto, lakini mvua huzisafisha, na aliyewauzia mara moja hatawakumbusha kurudia. Zaidi ya yote, hakikisheni kati ya banda hilo na vyumba vya chini pana sakafu kamili ya chokaa isiyo na tundu la ngazi lililo wazi, na hakuna jiko, mshumaa wala sigara chini ya makuti. Paa la makuti linaweza kupotea na likaezekwa upya kwa mwezi. Lipotee peke yake.

Jiko la uani lisiwekewe povu wala maji juu ya karai la mafuta ya kukaangia; lina dawa yake maalumu ya majimaji, na blanketi la moto. Gesi ikiwaka kwenye mpira, funga mtungi. Vitambuzi vya moshi viwepo katika kila chumba, kwa kuwa kinyunyizio hungoja joto na moshi humwua aliyelala kabla joto halijafika darini.

Na kabla ya kutoboa ukuta hata mmoja, pelekeni michoro kwa wahifadhi wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Mji Mkongwe wa Lamu ni urithi wa dunia tangu mwaka 2001, na mabomba yakionekana kwenye uso wa nyumba mtaamriwa kuyaondoa.

Mwana wa Mkomani:

Mmenifungua macho, na mmeniokolea fedha. Tumekaa jana usiku na kuamua hivi: petroli na vanishi zinahamia kiwanjani kabla ya mwisho wa mwezi, kwa mitungi ya povu kama mkaguzi alivyoeleza. Nyumba itawekewa vinyunyizio vya maji vya ukutani, vyekundu vyumbani na vya kijani karibu na jiko, tangi uani na pampu ya dizeli. Barua ya kuuliza kiwango imekwenda kwa bima asubuhi hii. Mkandarasi wa povu tumemshukuru.

Swali la mwisho kwa fundi: baada ya kufunga, sisi wenyewe tuangalie nini? Hapa hakuna fundi wa kuita kila wiki.

Fundi wa Mabomba, Malindi:

Vali kuu, yaani koki inayoupa mfumo wote maji. Mfumo wa vinyunyizio ukishindwa kufanya kazi, sababu inayoongoza kuliko zote ni kwamba mtu aliifunga vali hiyo. Kuna hoteli moja, sitaitaja, ambako niliitwa kwa ukaguzi wa mwaka nikaikuta vali imefungwa na gurudumu lake limepakwa rangi pamoja na ukuta, nyeupe safi. Mtu aliyekuwa akipaka rangi aliifunga asilowe, akamaliza kazi, akaenda zake. Ilikuwa imefungwa tangu Ramadhani ya mwaka uliotangulia. Hoteli hiyo hiyo ilikuwa na tangi la dawa ya povu kwenye chumba cha jenereta, na nilipofungua kifuniko chake nikachovya kijiti, kijiti kilisimama wima. Dawa ilikuwa imeganda kama uji wa muhogo uliolala, na kadi ya ukaguzi iliyoning'inia shingoni mwa tangi ilikuwa na sahihi ya kila mwaka.

Kwa hiyo iacheni vali wazi na kuizungushia mnyororo na kufuli, ufunguo mmoja kwa ami na mwingine kwa msimamizi wa zamu. Kila juma mtu aiangalie vali, asome kipimo cha presha na kuandika namba hiyo daftarini, kisha awashe pampu kwa dakika chache. Kila baada ya miezi mitatu fungueni bomba la majaribio lililo mwisho wa njia ya juu kabisa, mhakikishe kengele inalia na pampu inajiwasha bila kuguswa. Msitundike nguo wala chandarua kwenye kinyunyizio, na wageni waambiwe hivyo, maana wengi hudhani ni msumari. Msikipake rangi wala chokaa; kikipakwa, kibadilishwe, hakisafishwi. Wekeni sita vya akiba na spana yake ndani ya kisanduku karibu na pampu. Kanuni za Kenya za mwaka 2007 za kupunguza hatari ya moto kazini zinataka pia ukaguzi wa kila mwaka na zoezi la kuwatoa watu angalau mara moja kwa mwaka, nalo mlifanye usiku, kwa kuwa ngazi zenu ni nyembamba na mchana kila mtu anaijua njia.

Bima wakijibu, weka hapa urefu wa bomba refu kuliko yote na kimo cha kinyunyizio cha juu kabisa kutoka kwenye pampu. Nitakukokotolea presha mwenyewe kabla hujamlipa mtu.

Mwana wa Mkomani:

Ami amekwishapanda darini na futi kamba. Nitayaandika hapa kesho, inshallah.